Baada ya Yeriko kuna Ai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umelemewa. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniomba nitoe ushuhuda kwenye mkesha, akautaja kabisa: ule wa Mungu kumponya mke wangu. "Ule ule, Mwalimu, unatubariki sana." Nikakubali. Usiku usingizi ukakataa kuja. Mungu alitenda kweli, na sifa ni zake milele. Ila swali lilinikaa kifuani: na mwaka huu je? Kinywa changu kimejaa habari za zamani, na maombi ya asubuhi yamekuwa makavu.

Mnaonifahamu mnajua ninavyofuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kila ifikapo Machi. Usiku ule nikawa nawawaza vijana wa Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn. Mwaka 2023 walitwaa ubingwa wa taifa mjini Houston kwa kuwafunga San Diego State 76–59. Msimu uliofuata wakatakiwa kuutetea, na Adama Sanogo, yule kijana wa Mali aliyecheza mashindano yale huku amefunga Ramadhani, hakuwepo tena. Jordan Hawkins naye ameondoka, Andre Jackson pia. Na tangu Florida walipotwaa 2006 na 2007, hakuna timu ya wanaume iliyokuwa imeweza kurudia mfululizo.

Sasa angalieni jambo hili. Kombe la 2023 hakuna awezaye kuwanyang'anya, ni lao hata leo. Lakini halikuwapa hata pointi moja ya kuanzia. Kila mchezo ubao ulisoma 0–0, kwao kama kwa wengine.

Tarehe 30 Machi 2024, huku kwetu Pasaka ilikuwa imeshaingia, walikutana na Illinois kule Boston kwenye robo fainali. Kipindi cha kwanza kikielekea mwisho walikuwa sare 23–23. Kisha UConn wakafunga pointi 30 mfululizo, Illinois hawana hata moja. Donovan Clingan, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akitokea benchi kumpokea Sanogo, alisimama chini ya kikapu mikono juu, na kila aliyerusha mbele yake alikosa. Mchezo ukaisha 77–52. Siku chache baadaye wakawafunga Purdue 75–60 na ubingwa ukabaki kwao.

Mabingwa mara mbili! Novemba ile ile ya 2024 wakaenda mashindano ya Maui, kisiwa cha Hawaii, wakapoteza michezo mitatu ndani ya siku tatu: Memphis, Colorado, Dayton. Kocha alikuwa yule yule wa makombe mawili, Dan Hurley. Machi 2025 Florida wakawatoa 77–75, na Florida hao ndio waliotwaa kombe.

Nikafungua Yoshua 7, pale Israeli, baada ya kuuteka Yeriko, wanapigwa na mji mdogo wa Ai. Najua, kiini cha anguko la Ai ni dhambi ya Akani, aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu kule Yeriko, na hilo tusilipunguze. Lakini someni na mstari wa tatu. Wapelelezi wanarudi wanasema watu wote wasisumbuke kwenda, elfu mbili au tatu wanatosha, maana wale ni wachache. Yeriko walizunguka siku saba na sanduku la agano likiwa pamoja nao. Ai hatusomi kwamba kuna aliyemuuliza Bwana kwanza. Watu thelathini na sita wakafa.

Wapendwa, niseme kwa upendo lakini niseme. Tumekuwa watu wa Yeriko. Tunasimulia uamsho wa miaka ile, mfungo ule, mkesha ule ambao mapepo yalipiga kelele, na leo maombi ya Jumatano tunakuja watu sita. Mzee wa kanisa anakumbuka sura alizokariri ujanani, na Biblia yake haijafunguliwa tangu Jumapili. Kwaya inaimba kwa sifa ya albamu iliyopita, mazoezi hawaji. Mana ya jana iliingia mabuu, nayo ilikuwa mana halisi, imetoka kwa Mungu! Damu ya Yesu imekwisha kukuokoa, ushindi huo hauporwi na mtu. Lakini neema ya leo inaombwa leo. Rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, basi kwa nini tunaamka kula za mwaka juzi?

Na wewe uliyekwisha kupigwa Ai, usibaki kifudifudi. Yoshua alilala hivyo na wazee hata jioni, Bwana akamwambia, inuka. Wakaiondoa dhambi kambini. Sura ya 8 inapofunguka Yeriko anatajiwa, lakini si ili ajifariji nayo. Anaambiwa asiogope, awachukue watu wote wa vita, apande Ai.

Mkesha nitakuja, na ushuhuda nitautoa kwa furaha. Kisha nitaomba mniombee mimi na mke wangu kwa ajili ya mwaka huu. Tusome Yoshua 7 na 8 nyumbani wiki hii, na Jumatano saa kumi na moja jioni tukutane kwa maombi.