Paka wangu Tamu alivyotaka kutugawia nyumba

Tamu nilimlea peke yake miaka minne, halafu mdogo wangu akaja na kitoto cha paka kakiokota sokoni Tandika, tukakiita Karanga. Wiki ya kwanza nikajua wamependana maana hakukuwa na kelele, Tamu alikuwa anajilaza tu pale kwenye mlango wa jikoni, katikati kabisa, anamwangalia mwenzie bila kupepesa. Karanga akifika anasimama, anageuka anarudi zake. Mi naona paka kapumzika, kumbe ni geti! Na beseni la mchanga lilikuwa huko huko jikoni, ndo maana mtoto wa watu akawa anakojoa kitandani kwangu na mimi namtukana yeye.

Ugomvi wenyewe ulitokea siku ya vibua. Tamu kashika kichwa cha samaki, masikio kayalaza nyuma, ananguruma huku anatafuna, Karanga akajipitisha karibu, mara vurugu, na mimi kwa ujinga nikaingiza mkono katikati. Tamu kaning'ata kidole gumba. Nikaosha na sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, chanjo ya kichaa cha mbwa anayo, lakini kesho yake asubuhi kidole kimevimba hata funguo sishiki, nikaenda hospitali nikapewa antibayotiki. Jino la paka ni jembamba, tundu linaziba haraka juu uchafu unabaki ndani, kwa hiyo usidharau.

Mama akaniambia mchape kandambili. Nikamchapa mara mbili, ikawa akimwona tu Karanga anaanza kunguruma, maana kwake sasa yule mtoto akitokea na kandambili inakuja.

Daktari wa mifugo akamkagua kwanza mdomo na tumbo maana maumivu nayo yanaleta ukali, akakuta mzima, akaniambia watenganishe uanze upya. Karanga akahamia chumba cha mdogo wangu, wanakula kila mtu upande wake wa mlango uliofungwa, na kipande cha kanga alicholalia huyu nampelekea yule akinuse. Mabeseni ya mchanga yakawa matatu sehemu tofauti, kila paka lake na moja la ziada (mwenye nyumba alinishangaa sana). Baada ya wiki tatu hivi nikaanza kuacha mlango wazi kidogo wakati wa kula.

Kilichobaki ni mapaja yangu. Tamu akikaa hapo Karanga akasogea, ncha ya mkia inaanza kupigapiga, hapo hapo nasimama kimya kimya, mapaja hakuna. Akitulia anapata dagaa mmoja. Alielewa polepole sana, kama miezi miwili, na kuna siku nilitaka kumgawa kabisa.

Saivi wanapishana mlangoni bila shida ila siku ya vibua bado nawafungia kila mtu chumba chake, hilo sijaribu tena. Jana nimewakuta wote kwenye sofa, Tamu kalalia kanga yangu yote, Karanga kaachiwa pindo.