Paroko wa Nje

Huyu mwanangu wa mafundisho ya kipaimara, ile sakramenti ya kumwimarisha aliyebatizwa, kaja juzi na picha mkononi, ile ya babu yake kalowa shingo mpaka kifuani, anauliza askofu yuko wapi hapo. Maana mwalimu wao kawaambia kipaimara anatoa askofu, sasa kwenye picha anayempaka babu mafuta ya Krisma ni paroko, yaani padre mkuu wa parokia, je ya babu inahesabika au arudie? Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Kumbe ameshamuuliza, babu kamjibu nenda kaulize kwenu. Mzee wangu mnamjua.

Jibu fupi ni kwamba inahesabika vizuri tu. Paroko akimbatiza mtu mzima anampa na kipaimara palepale, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa huo uwezo, tena akiwa nao anatakiwa autumie, siyo aseme ngoja tumsubiri askofu. Ndiyo maana kwenye Mkesha wa Pasaka mtu anaingia mkavu anatoka na sakramenti tatu kwa mpigo, ubatizo, kipaimara na komunyo. Mtoto akaridhika akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na picha.

Baba, huyo babu wa kwenye picha, hakuwa amebatizwa popote. Mama aliolewa naye kwa ruhusa ya askofu, akaahidi kwamba watoto atajitahidi wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na Baba akajulishwa hiyo ahadi, akasema haya. Sasa wapo waliobatizwa wakiwa wachanga na hata Dominika hawaijui, yeye ambaye hakuahidi kitu ndiye aliyekuwa anatuamsha. Anatupeleka, anatushusha mlangoni, halafu anabaki nje kwenye gari, vioo chini, redio ya chini chini. Misa nzima. Mvua ikinyesha anapandisha vioo, basi.

Na mtu akikaa nje ya kanisa miaka yote hiyo kazi zitamtafuta tu. Akaanza kupanga magari, akawa anawashika wazee mkono kwenye ngazi, akina mama wakitoka na vitoto vinavyolia katikati ya mahubiri anavipokea anavibembeleza vinanyamaza (sijui alikuwa anavifanyaje, sisi wanawe hatukumbuki kubembelezwa hivyo). Watu wakamwita paroko wa nje. Paroko wa ndani alikuwa analijua hilo jina na lilikuwa linamchekesha sana.

Halafu Jumapili moja tunarudi nyumbani, hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekufa, hakuna aliyeota ndoto, Baba kashika usukani anasema anataka kwenda kuonana na katekista, yule mwalimu wa dini. Mama akauliza, wa nini? Akasema ajiandikishe. Mama hakusema neno mpaka tunafika.

Katekista wetu alikuwa mtu wa taratibu, anakueleza jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyoagiza mwaka 1963 ukatekumeni wa watu wazima, yaani maandalizi yao ya ubatizo, urudishwe kwa hatua zake kama zamani, na kitabu cha ibada yenyewe kikatoka 1972, kwa hiyo asije mtu na haraka zake kwamba yeye amekaa na Wakatoliki miaka mingi apitishwe dirishani. Baba hakutaka dirisha. Lakini wiki ya kwanza tu katekista akagundua jambo, huyu mzee anajua kila kitu. Utukufu kwa Mungu juu, anao. Nasadiki ndefu na fupi, anazo. Nyimbo za kwaya anazo na sauti ya nne. Vioo vilikuwa chini miaka yote ile, si ndiyo?

Kilichomshinda ni mwili. Alikuwa amesikia Misa maisha yake yote ya ndoa bila kuiona, kwa hiyo hakujua lini watu wanasimama, lini wanapiga magoti, na kile kialama kidogo cha dole gumba kabla ya Injili, kipaji, midomo, kifua, hakuwahi hata kujua kwamba kipo maana hakina sauti! Basi jioni ananiita sebuleni, nifunge mlango, nimfundishe. Mimi ni mtumikiaji wa altare, mtoto wa sekondari, namwambia Baba goti la kulia linafika chini kabisa mbele ya tabernakulo, pale panapotunzwa Ekaristi, siyo kuchuchumaa nusu, na yeye goti lenyewe linalia ka! anauliza hilo la kushoto haliruhusiwi? Nikamwambia la kulia. Akarudia.

Kituko kingine, mkatekumeni, yaani anayeandaliwa kubatizwa, anakaa Misani mpaka mwisho wa mahubiri, kisha padre anawaaga, wanatoka na katekista wao kwenda kulitafakari Neno. Yaani mtu ndiyo kwanza kaingia ndani anatolewa tena nje. Mama aliona aibu kidogo. Baba alisema anapajua.

Watu walitaka kujua sababu, na hamna watu wanaopenda sababu kama waumini. Wengine wakasema Mama kamchosha na novena, zile sala za siku tisa, na Mama mwenyewe aliniambia hilo ombi aliliacha zamani, alikuwa ameshahamia kwenye maombi mengine. Kwaresima ikafika, zile Dominika tatu, ya tatu, ya nne na ya tano, ambazo wanaoandaliwa kubatizwa wanaombewa mbele ya watu wote na zinasomwa Injili zile ndefu za Yohane, mwanamke Msamaria kisimani, kipofu wa kuzaliwa, Lazaro. Ile ya kipofu ina pale wazazi wanabanwa waeleze mtoto wao amepataje kuona, wanaruka, wanasema muulizeni mwenyewe, ni mtu mzima huyo. Mama akalidaka hilo. Tangu siku ile yeyote aliyemuuliza kuhusu Baba alijibiwa hivyohivyo, muulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Na mtu mzima ukimuuliza anakuambia leo kuna jua.

Usiku wa Mkesha wenyewe. Mnajua unaanzia nje, taa zote zimezimwa, moto unawashwa uwanjani, padre anachora msalaba kwenye mshumaa wa Pasaka, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu za mwaka. Sasa uwanja wenyewe kwetu ni pale pa kuegeshea magari. Parokia nzima ilikuwa imekuja kwa Baba! Nadhani niliyeliona ni mimi peke yangu kwa sababu nilikuwa nimeshika chetezo nimesimama karibu kabisa na sehemu ya gari letu. Tukaingia nyuma ya mshumaa, Mwanga wa Kristo mara tatu, Tumshukuru Mungu mara tatu, yeye katikati ya wenzake mikono mitupu, maana mshumaa wake alikuwa apewe baada ya kubatizwa. Masomo saba ya Agano la Kale yakasomwa yote, paroko wetu hakuwa mtu wa kupunguza, wakati ruhusa ya kupunguza ipo ilimradi lile la kuvuka bahari lisiachwe. Kengele za Utukufu zikapigwa mpaka watoto waliolala wakaamka wanalia na safari hii hapakuwa na mtu wa kuwapokea nje.

Litania ya Watakatifu. Mimi nimeshapewa taulo, nimesimama pembeni ya kisima cha ubatizo. Paroko anauliza, je, mnamkataa Shetani? Wenzake wanajibu pamoja, namkataa. Baba anachelewa, siyo sana, pumzi moja hivi, lakini kanisa lilikuwa kimya kwa hiyo ile yake ikasikika peke yake. Namkataa. Swali la pili vilevile, wenzake, halafu yeye. La tatu paroko akawa ameshajua, akamsubiri. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hofu au alikuwa anafikiria kwanza, Baba ni mtu wa kusoma karatasi yote kabla ya kusaini.

Akaitwa wa mwisho. Akainama, akashika ukingo wa kile kisima kwa mikono miwili, vile vidole vyake vinene nikaviona vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Maji ya kwanza, kwa jina la Baba, yakapita kisogoni yakaingia kwenye kola. Ya pili, na la Mwana, yakashuka puani. Ya tatu. Nikanyoosha taulo. Hakuinuka. Nikasogeza taulo zaidi, bado kainama, maji yanadondoka kwenye ncha ya pua moja moja yanarudi kisimani, mabega yanatikisika, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote sikuweza kujua analia au anacheka. Msimamizi wake akataka kumgusa bega, paroko akamzuia kwa jicho. Kwaya ilikuwa imeshavuta pumzi ya kuanza wimbo, ikabaki nayo kifuani. Mama alikuwa benchi la tatu, sikuthubutu kumwangalia.

Halafu akainuka, akachukua taulo mikononi mwangu, akajifuta uso taratibu sana kama mtu yuko bafuni kwake, akaninong'oneza, "Maji ya baridi haya."

Hilo ndilo neno lake la kwanza la Kikristo.

Mengine yalikwenda haraka, nguo nyeupe, mshumaa, Krisma kwenye kipaji (hiyo ndiyo picha), komunyo. Nakumbuka harufu ya yale mafuta aliyopakwa ilivyokaa ndani ya gari tunarudi, na hakuna aliyewasha redio.

Mimi nimekuja kumuuliza baadaye sana, nimeshakuwa na watoto, kwamba mzee ilikuwaje hasa. Akaniambia kule nje jua lilikuwa limezidi. Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Katekista, ambaye naye sasa amezeeka, ana maelezo marefu kuhusu neema inayofanya kazi polepole, na simpingi. Mama anasema huenda alichoka tu kusikiliza mchezo bila kuuona. Mimi siku nyingine naona ni hilo la katekista, siku nyingine la Mama, na siku nyingine nafikiri hata yeye mwenyewe hajui ila anaona haya kusema.

Anasali benchi la mwisho karibu na mlango. Magari sasa yanapangwa na vijana wawili wa parokia wenye filimbi, na wanayapanga vibaya, ameshawaambia. Mahubiri yakizidi urefu anainuka, anapiga goti la kulia mpaka chini, anatoka kwenda kuangalia gari. Gari tuliliuza zamani.