"Dada, umeenda Ulaya kulima?"

Binamu yangu wa Mbagala alinipigia simu ya video Jumapili iliyopita. Akanikuta nimevaa mabuti ya mpira, reki mkononi, kuku wanaparua nyuma yangu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Dada, yaani umeenda Ulaya kulima?" Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Nikamwambia Lushoto nilikuwa nalima kwa kulazimishwa na mama, huku nalima kwa hiari yangu, kwa hiyo hayo ni maendeleo. Lakini swali lake limenikaa. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri, mtoto yuko shule, kuni zimo ndani, basi acha nimjibu vizuri.

Ninaishi Creuse. Msisumbuke kuitafuta kwenye zile picha za Ufaransa mnazotumiana, hakuna mnara wala bahari. Ni katikati ya nchi: vilima, malisho, misitu, na ng'ombe wekundu wa Limousin kila unakogeuka. Mkoa mzima watu hawafiki 120,000. Katikati ya karne ya 19 walikuwa zaidi ya 280,000. Wanaume wa huku walikuwa waashi. Baridi ikipungua waliondoka kwa miguu kwenda Paris na Lyon kujenga nyumba za wenzao, wakarudi Novemba, mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika siku wengi hawakurudi tena. Mama mkwe aliponisimulia nilimwambia, hali hiyo, mama, nimeiacha nyumbani. Kijana anashuka Mombo, anapanda basi la Dar, shamba linabaki na wazee.

Nyumba yetu ilikuwa ya bibi yake mume wangu. Kuta za mawe, unene wa mkono mzima, na shamba la ekari moja na nusu hivi pamoja na kipande cha msitu. Duka la dawa liko kilomita 14. Mkate unaletwa na gari Jumanne na Ijumaa, dereva anapiga honi mbili njia panda, na usipotoka haraka utamwona kwa nyuma tu. Asubuhi nne kwa wiki naenda kuwasaidia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwasikiliza. Kazi hiyo huku haiishi, maana wazee ndio waliobaki. Mchana ni wa shamba.

Na mtu akiniuliza kazi kubwa ya shamba huku ni ipi, sitamtajia jembe. Ni kuni.

Nilidhani kuni nimezimaliza utotoni. Nimebeba mzigo kichwani kutoka pembezoni mwa msitu wa Magamba mpaka shingo ikawa ngumu kama mchi. Kumbe sikujua kitu. Kwetu kuni ni za kupikia, unaokota za leo na kesho. Huku kuni ndiyo uhai wa miezi sita, na za mwaka huu zilipasuliwa mwaka juzi. Mwaloni unataka miaka miwili kukauka. Ukiuchoma mbichi unatoa moshi, unapaka bomba masizi, na siku moja bomba linashika moto na nyumba nayo. Wao wanazipima kwa steri, yaani magogo yaliyopangwa mita moja kwenda juu, moja upana, moja urefu. Sisi tunamaliza kumi kwa msimu. Kwa hiyo uani kwetu daima kuna safu tatu: za kuchoma sasa, za mwakani, na mbichi za mwaka wa kesho kutwa. Ukimwona Mfaransa wa shamba anakuja kwako mara ya kwanza, mwangalie macho. Hatazami gari lako. Anatazama safu za kuni, anajua nyumba hiyo ina watu wa namna gani.

Mwaka wa kwanza safu yangu ilianguka mara mbili. Jirani, mzee wa miaka 81 aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, alisimama kwenye uzio akiangalia bila neno. Siku ya pili alikuja na kabari mbili za chuma na nyundo, akanionyesha kupasua gogo lenye kifundo: huanzi kifundoni, unaanzia pembeni, unaliomba polepole. Akanionyesha pia kupanga ncha za safu kwa kupishanisha, gogo hivi, gogo vile, kama kona ya ukuta. Mjukuu wa waashi, nikasema moyoni. Akaniambia pia ule mti wao wa châtaigne, unaozaa njugu za kuokota msituni, nisiutie kwenye jiko la wazi, unarusha cheche kama fataki. Nilimsikia, nikatia. Zulia lina matundu saba, mama mkwe anayahesabu kila akija.

Huyu mzee nilitamani kumpa shikamoo. Kifaransa hakina. Kina "bonjour", na ole wako usiitangulize. Ingia kwenye duka useme shida yako kabla ya bonjour, hata kama moto unawaka nyuma yako, utahudumiwa kama mwizi. Halafu kina "vous" ya heshima na "tu" ya waliozoeana, na hakuna anayekuambia lini unavuka kutoka moja kwenda nyingine. Yeye na mimi tulikaa kwenye "vous" miaka mitatu.

Watu wakisikia natoka Tanzania wanadhani baridi naisoma kwenye vitabu. Nawaambia Lushoto mwezi wa saba unalala na mablanketi mawili, na kwamba plamu na peasi mnazojivunia hapa mimi nimezikuta kwenye vikapu nikiwa mtoto, zikiteremshwa kuuzwa barabarani Mombo. Hawaamini. Lakini nikubali jambo moja: Lushoto baridi haikuwahi kuniua mmea kwa usiku mmoja.

Kwetu unapanda kwa mvua. Umeona masika, umenusa udongo, umepanda. Nilipofika huku, mwezi wa nne ukaja na wiki nzima ya jua, udongo ukawa laini na wa vuguvugu, mvua ya rasharasha jioni. Nikapanda maharage mistari minane. Yakaota, mazuri, nikayapiga picha nikamtumia mama. Mzee jirani akapita, akatazama, akasema neno moja tu: "Tayari?" Nikadhani ananisifu. Mwezi wa tano, tarehe 12, niliamka nikakuta majani meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa, na juu yake umande ulioganda unang'aa. Mistari yote minane.

Ndipo nikaelezwa habari za Watakatifu wa Barafu. Ni watatu, Mamert, Pancrace na Servais, na siku zao ni tarehe 11, 12 na 13 Mei. Kabla hawajapita, mtu mwenye akili haweki nje nyanya, maharage wala maboga. Kanisa lenyewe limeshapanga upya kalenda yake na wengine humo hawamo tena siku hizo, lakini wakulima hawakuambiwa, au waliambiwa wakanyamaza. Mimi ni Mwislamu, watakatifu hao si wangu, lakini mwezi wa tano nawaheshimu kuliko mtu yeyote kijijini.

Makosa mengine ya mwaka ule nayapitia haraka. Nilifagia majani uani asubuhi nikayachoma moto, kama kila nyumba ya Kiafrika inavyofanya kabla ya chai. Simu ikalia kutoka ofisi ya meya kabla moshi haujaisha: kuchoma taka za bustani ni marufuku, faini inaweza kufika euro 750. Majani yote sasa yanakwenda kwenye mboji, na kusema kweli mboji hiyo ndiyo imeuokoa udongo wetu, ambao ni mchanga wenye uchachu. Kisa kingine: Jumatano moja karibu na saa sita king'ora kikalia kijiji kizima. Nikamnyakua mtoto nikaingia naye chini ya ngazi. Kumbe wanakijaribu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mume wangu alitukuta humo, na mpaka leo hajaacha kusimulia.

Kuku sita, jogoo mmoja. Usidhani unanunua tu kuku unaachia. Ukiwa na kuku hata wawili unawaandikisha ofisi ya meya, na tangu 2021 karibu kila majira ya baridi inatoka amri ya kuwafungia au kuwawekea wavu juu, kwa sababu ya mafua ya ndege yanayoletwa na ndege wahamaji. Kuku aliyefungiwa miezi minne anakuwa na tabia ya abiria wa daladala iliyoharibika: wanadonoana tu. Nawatundikia kabichi kwa kamba wapate cha kugombania. Na jogoo, kuna familia ya mjini yenye nyumba ya likizo hapo juu iliyolalamika kwamba anawika saa kumi na moja. Meya, mtu mpole, aliwakumbusha habari za Maurice, jogoo wa kisiwa cha Oléron aliyeshtakiwa na majirani, na mahakama mwaka 2019 ikamwachia awike. Januari 2021 bunge likapitisha sheria kabisa kwamba sauti na harufu za shamba ni sehemu ya urithi wa nchi. Fikiria, jogoo ana sheria yake. Mimi kupata kibali cha ukaaji nilizungushwa miezi tisa.

Tangu mwezi wa tisa hadi mwisho wa Februari, Jumapili ni ya wawindaji. Siku hiyo hata kwenda kuokota châtaigne ninavaa kizibao cha rangi ya chungwa, na mtoto vilevile, maana risasi haiulizi. Wanapita kwenye msitu wetu kwa ruhusa, na mwisho wa msimu wanaleta shukrani: paja zima la nguruwe pori, limefungwa vizuri kwa karatasi. Mara ya kwanza nilibaki mlangoni na lile paja mikononi, sijui niseme nini. Nikasema bonjour. Mama mkwe ndiye anayelipokea siku hizi, na mimi wananiletea chupa ya asali.

Sasa nifike kwenye mchicha.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa naagiza mbegu za mchicha. Zilifika na barua, nikazipanda kwenye vikopo dirishani, nikazibembeleza kama mtoto njiti. Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, nikapita kando ya shamba la viazi la mzee jirani. Yeye kapiga magoti anang'oa magugu, anayarusha njiani. Nikaangalia kile anachorusha. Shina lenye wekundu kwenye mzizi, majani mapana yenye mishipa. Mchicha! Wa porini, mgumu kidogo, una manyoya ya kukwaruza ukishakomaa, lakini mchicha. Anautupa kwa matoroli, na analaani kila shina, kwamba mmea mmoja unazaa mbegu maelfu na hautoki shambani milele. Nikamwambia kwetu huu tunakula. Akaniangalia, akasema, "Ng'ombe wangu walikuwa hawautaki."

Kando yake ulikuwa umeota hata mnavu. Nilipounyooshea kidole alinishika mkono kabisa: sumu! Huo niliuacha. Wanasema jamii yake ina aina nyingi, na mimi siyo mtu wa kujaribu sufuria mbele ya mtoto.

Kesho yake nikakuta kreti mlangoni limejaa mchicha na udongo wake wote, mizizi, na konokono wawili. Nikafurahi. Keshokutwa kreti jingine. Siku ya nne nikaenda kumshukuru, akauliza, "Wanaupenda?" Nani? "Sungura wako." Sina sungura. Alidhani habari ya kula ilikuwa Kifaransa changu kibovu.

Basi nikachambua majani machanga, nikaosha maji matatu, nikachemsha kidogo nikamwaga maji, nikaunga kwa kitunguu, nyanya, na siagi ya karanga iliyolainishwa na tui la kopo. Ugali nilikuwa nao, unga mweupe naununua Limoges nikienda kwa shughuli nyingine. Nikampelekea kwenye bakuli lenye kifuniko. Akala amesimama jikoni kwake, kofia kichwani, hajasema neno. Ugali aliuzunguka kama anavyozunguka ng'ombe asiyemjua. Mchicha aliumaliza, akapangusa bakuli kwa mkate mpaka likawa kavu, akanirudishia. "Umepungukiwa siagi," akasema. Na alisema kwa "tu."

Nikatoka na bakuli langu, nikafika nusu ya njia ndipo nikatambua.

Wiki iliyofuata kreti lilikuja tena, lakini safari hii mizizi imekatwa, udongo umekung'utwa, na mchicha umefungwa mafungu kwa kamba ileile ya kufungia majani makavu ya ng'ombe. Mafungu kumi na mawili, yamepangwa safu, ncha zimepishana. Nikapiga picha nikamtumia binamu yangu Mbagala pamoja na maelezo marefu. Hakuyasoma. Alijibu mstari mmoja: "Fungu huko shilingi ngapi?"