Kumfundisha mbwa atoe taarifa sukari inaposhuka

Watu wengi wanaoniona nikimfundisha mbwa wangu kutambua sukari yangu inaposhuka hudhani kwamba kazi kubwa ni ya pua. Pua hiyo amezaliwa nayo. Kinachofundishwa ni kutoa taarifa, na hapo ndipo miezi inapokwenda, kwa sababu mbwa aliyelelewa vizuri nyumbani amezoea kutulia, ilhali huyu anatakiwa asumbue, tena asumbue zaidi pale ninapomfukuza.

Nina kisukari cha aina ya kwanza, na baada ya miaka mingi ya kujidunga insulini mwili wangu umeacha kunionya. Zamani sukari ilipopungua chini ya milimoli 4 kwa lita nilitetemeka, nikatokwa na jasho jembamba na moyo ukanienda mbio. Siku hizi ninaweza kuendelea kuzungumza hadi maneno yangu yavurugike bila mimi mwenyewe kutambua. Ni kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii kwamba hapa Uingereza shirika la Medical Detection Dogs, lililoanzishwa mwaka 2008, hufundisha mbwa wa kunusa mabadiliko ya sukari.

Mafunzo huanza na jasho. Kipimo cha damu kikithibitisha kwamba sukari imeshuka, ninajifuta shingo kwa kipande cha pamba, ninakitia katika chupa ya kioo, kisha ninakunywa juisi bila kukawia. Chupa huwekwa kwenye friza. Sampuli za wakati sukari ikiwa sawa ni muhimu vilevile, nazo lazima zichukuliwe kwa pamba ileile, chupa za aina ileile na mikono iliyooshwa kwa sabuni ileile, la sivyo mbwa atajifunza harufu ya sabuni na mkufunzi atamsifu bure. Akiichagua chupa sahihi hupewa kipande cha kuku papo hapo. Sisi tuliotoka Tanzania hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili, kwani pale Morogoro panya buku wa shirika la APOPO hufundishwa kwa tuzo za chakula kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu.

Kuhusu harufu yenyewe, watafiti wa Cambridge waliripoti mwaka 2016 kwamba kemikali iitwayo isoprini iliongezeka katika pumzi ya wanawake wanane wenye kisukari cha aina ya kwanza sukari yao iliposhushwa, ingawa hawakuthibitisha kwamba ndiyo ambayo mbwa huifuata. Kwa mafunzo ya kila siku, jina la kemikali halinisaidii sana.

Ugumu huja chupa zinapoondolewa na mbwa akaanza kuninusa mimi. Akiniparura gotini, ninajidunga kidole na kupima. Tuzo hutolewa kipimo kikimuunga mkono, wala si kwa sababu ameniangalia kwa macho ya huruma. Kihisi cha sukari kilichovaliwa mkononi hakifai kuwa mwamuzi wa mwisho, kwa kuwa husoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na mbwa aliyesema kweli anaweza kunyimwa haki yake. Kwa hiyo kipimo kikionyesha kwamba sukari iko sawa lakini iko njiani kushuka, ninapima tena baada ya dakika 15 kabla ya kuamua.

Sikivui kihisi hicho hata hivyo. Katika utafiti wa mbwa 27 uliochapishwa mwaka 2019, mbwa wa wastani alitoa taarifa mara 83 kati ya kila 100 sukari iliposhuka, lakini walitofautiana sana, na sehemu ya tofauti hiyo ilihusiana na mwenye mbwa na utaratibu wa nyumba yake. Ndiyo maana nyumbani kwangu wageni huombwa wasimrushie mbwa chochote mezani, na wanangu wanajua kwamba akiniparura, kinacholetwa kwanza ni kipimo, kuku baadaye.