“Maboresho madogo”
Jumamosi asubuhi mama wa duka la dawa kule Kadutu alinipigia mimi niliyemwandikia programu ya mauzo: “Mwanangu, mashine yako inauza dawa kwa faranga mbili na nusu!” Risiti ilipaswa kusoma 2.500, nukta ya maelfu, kama tunavyoandika hapa Bukavu.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimepakua toleo 3.4.2 la maktaba ya kuchapisha risiti, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yangu inautumia. Namba ya tatu ikipanda, kwa kawaida ni kasoro tu zimerekebishwa. Hawa watengenezaji wa maktaba wakageuza maana ya nukta, wakaandika “maboresho madogo”. Madogo kwa nani? Nikaripoti, wakafunga ripoti siku ileile: hamia toleo 4.0. Yaani niandike upya nusu ya programu, tena kwa mega za intaneti za kununua.

Nimerudi 3.4.1. Mama bado ananidai paketi kumi na moja za dawa.