Kabati la Uyoga, Free Area

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na wiki chache baadaye mimi nilikuwa na kesi ya harufu na jirani.

Kabati langu la uyoga lilikaa chumba cha nyuma, kwenye nyumba ya kupanga kule Free Area: upana mita 1.2, kina sentimita 60, urefu mita 1.8. Ndani mlikuwa na ndoo zilizotobolewa matundu, zimeshindiliwa majani makavu ya ngano kutoka Njoro. Majani hayo yakishachemshwa na kukaa na unyevu huchacha. Jirani, mama mwenye mtoto wa pumu, alinijia kwa upole. “Mwanangu, harufu naweza kuvumilia. Lakini hilo vumbi jeupe dirishani?”

Alikuwa na haki. Uyoga wa oyster ukikomaa hutoa spora, yaani chembe zake za kuzaliana, nyingi mno, laini kuliko unga, na mtu akizivuta kila siku anaweza kuanza kukohoa hata kama kifua chake ni kizima. Mtoto wa pumu sikutaka hata kumfikiria.

Kulifunga kabati kabisa nako kungeua mradi. Uyoga hupumua: huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Hewa ikituama, mashina hurefuka na kofia hubaki ndogo kama vifungo vya shati. Kwa hiyo hewa ilibidi itoke, ila kwa njia moja tu, na ichujwe kwanza.

Binamu yangu, fundi wa elektroniki, alikuja Jumamosi. Chini ya kabati tulikata tundu la kuingizia hewa, tukalifunika kitambaa. Juu tukaweka kitambaa kizito cha kunasa spora, nyuma yake feni, kisha paipu ya inchi 4 hadi kwenye kichujio cha makaa. Kichujio kilikuwa mitungi miwili ya wavu wa waya, mmoja ndani ya mwingine, na katikati chengachenga za makaa amilifu ya vifuu vya nazi. Muuzaji wa vichujio vya maji alitaka kwanza kunipa makaa ya mifupa, maana hapa Nakuru visima vingi vina floridi na makaa hayo ndiyo watu huulizia ili kuiondoa majini. Kwa harufu nilitaka haya ya vifuu: gramu 1 ina vitundu vidogo ambavyo uso wake ukitandazwa hupita mita 500 za mraba, na huko ndiko harufu hung’ang’ania.

Tulianza na feni ya kompyuta. Binamu akawasha udi, akausogeza kwenye upenyo wa mlango wa kabati. Moshi ukapanda wima, haukujali kitu. “Unaona? Haivuti,” akasema. Feni ya namna hiyo hupeperusha vizuri njia ikiwa wazi; ikikutana na makaa yaliyoshindiliwa, inachoka. Akaitoa, akafunga ile yenye umbo la konokono inayosukuma hewa kwa nguvu. Udi tena. Safari hii moshi ulijikunja, ukaingia ndani kwenye upenyo kama uzi unaovutwa, na bawabani vilevile. Nilimwambia arudie, kwa furaha tu. Kabati likivuta hivyo, hata lenye nyufa halivujishi harufu, kwa sababu hewa ya nje ndiyo inayoingia.

Mwenye ploti alikataa ukuta utobolewe, nasi hatukubishana. Tulitoa kioo kimoja cha dirisha, tukaweka plaiwudi yenye tundu, tukaziba kingo kwa silikoni. Paipu tuliilaza ikishuka kidogo, na sehemu ya chini kabisa tukaitoboa na kuweka kopo, kwani usiku wa Nakuru una baridi na mvuke hugeuka maji humo. Maji yakifika kwenye makaa huziba vitundu, na kazi yote ni bure.

Jioni nilimwita mama jirani asimame chini ya dirisha. Alivuta pumzi, akavuta tena. “Hapa sisikii kitu,” akasema, kisha akauliza nitavuna lini, na kama nitamwekea nusu kilo.