Dishonored: jinsi nilivyomaliza misheni ya Campbell bila kuonekana

Usiku wa nne huu, hatimaye nimefaulu. Dishonored ni gemu ya kunyemelea, na kila nilipomaliza misheni ya High Overseer Campbell, kiongozi wa dini unayetumwa kumwondoa, ukurasa wa matokeo ulinigomea: umeonekana. Na sikuwa nimepigana na mtu!

Nilijaribu kupita juu ya mapaa kwa Blink, ule uwezo wa kuhama ghafla hadi mahali pengine, nikajaribu kuwakaba walinzi mmoja mmoja, nikasevu kila baada ya hatua mbili kama mwoga. Wapi.

Kosa lilikuwa kwenye kona. Nilikuwa nachungulia kwa kutoa mwili mzima, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichoniponza. Kumbe kwenye kompyuta kuna Q na E za kuegemea kando. Ukiegemea, gemu inahesabu mwili ulipo, si kichwa kilipochomoza. Mlinzi alinitazama usoni hivi hivi, mimi nimechuchumaa nyuma ya ukuta, akageuka akaenda zake. Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo: chuchumaa, egemea, subiri mlinzi akupe mgongo, ndipo uvuke. Alama nyeupe za radi zikianza kujaa kichwani pake, rudi nyuma haraka, bado hujahesabiwa. Zikiwa nyekundu, pakia sevu.